Sifuri ya Kumi na Nne

Kila Alhamisi, kwenye klabu yetu ya Boedo,
meza ya biliadi hufunikwa turubai
nami hufungua kopo la biskuti
ambamo maswali yangu hulala yamekunjwa
kama tikiti za bahati nasibu iliyokwisha kuchezwa.
Zawadi ni soseji moja kavu, ndefu kama mkono.
Watu wamewahi kununiana kwa kidogo zaidi.

La kwanza ni la kupasha moto:
nchi yetu ilipewa jina la madini gani?
"Fedha!" wote kwa pamoja, hata mtoto wa Zulema.
Fedha ya Kilatini kwenye ramani,
fedha ya Kihispania kwenye mto,
na mto wenyewe rangi ya chai ya maziwa,
haujampa mtu hata kijiko.
Tulibatizwa kwa mali ya kusikia.

La pili: ile S iliyochomwa mkuki ilitoka wapi?
"Kwa Wamarekani," asema Fito wa duka la matairi.
Hapana, Fito. Wengi waliochunguza
husema ni p na s, ufupisho wa peso,
makarani wana haraka, wino unakauka,
herufi moja ikampanda mwenziwe daftarini
mpaka p ikapoteza tumbo
ikabaki uti wa mgongo.
"Kama mimi," asema Zulema, "tangu nyama ipande bei."
Nikampa nusu alama kwa kunichekesha.

Kisha maneno ya mtaani. Hapo hakuna asiye profesa.
Mia ni mguu. Elfu ni luka. Milioni ni gongo.
Na peso moja tunaiita mango,
jina lilelile la embe; msiniulize sababu,
wataalamu wenyewe wanafyonza kokwa hiyo
na hawajakubaliana.
Tena kuna maneno tunayoyageuza kama soksi,
silabi ya nyuma ikatangulia mbele:
kafe ikawa feka,
kana kwamba umeagiza kahawa
ukaletewa wahaka.

Nikachomoa la mwisho.
Tangu mwaka sabini, pesa yetu imekatwa sifuri ngapi?

Kimya. Fito anahesabu kwa midomo.
Don Evaristo Bonfanti, miaka arobaini dirishani benki,
akasimama, akainua vidole, si kwa kujionyesha:
Mbili, mwaka sabini.
Nne, themanini na tatu.
Tatu, themanini na tano, tulipopewa australi
na A yake yenye mikato,
herufi iliyozaliwa na jeraha.
Nne, tisini na mbili.
Akanyamaza kidogo.
"Kumi na nne."

Kikaratasi changu kinasema kumi na tatu.
"Don Evaristo, hesabu tena."
"Nimehesabu. Mke wangu alikuwa na daftari.
Alikuwa akiweka akiba tukaone bahari, Necochea,
juma moja, chumba chenye dirisha.
Kila walipokata, alipiga mstari, akaanza upya chini yake.
Ile ya kumi na nne haikukatwa na serikali.
Aliichora mwenyewe kwa penseli, mwisho wa ukurasa,
duara safi, kama la mtoto wa shule,
akafunga daftari akaenda kuanika nguo."

Sheria ni sheria: kikaratasi ndicho hakimu.
Soseji ikaenda meza ya Fito.
Fito hakuigusa. Akaitazama tu, masikio mekundu,
kisha akaomba kisu na sahani,
akakata vipande vingi kuliko watu.

Kwa mtaa huu, mke pia ana neno lake la kinyume.
Nilikuwa nalo koponi, limekunjwa.
Sikulitoa.

Nikampelekea mzee feka kwa mkono wangu.
Akasahau kutia sukari.
Akakoroga hivyohivyo, muda mrefu,
kijiko kikichora duara,
na juu yake duara,
na juu yake duara.